Misumari Miwili ya Kisigino

9 Februari

Kwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Pokea salamu. Sisi wazima, kama uzima ni kuamka ukajikuta bado upo. Mjomba wako kang'olewa jino moja na analia kama mtu aliyekatwa mguu; mkewe anamsagia chakula kama mtoto. Binamu yako kajifungua wa kike, mdogo kama paka, lakini sauti anayo. Paa la karakana linavuja palepale juu ya fuawe. Nimeweka ndoo.

Barua yako ilifika na lile karatasi la rangi ndani. Nimelisoma kwa kidole, neno moja moja, mpaka jicho likatoa machozi. Mkutano Mkuu wa Mafundi wa Kwato, siku tatu. Nikakaa nikajiuliza, fundi wa kwato ana maneno gani ya siku tatu? Unainua mguu wa farasi, unachonga, unapima chuma cha moto, unapigilia, unaushusha. Hayo nimeyasema bila kumeza mate. Marehemu babu yako kafanya kazi hii miaka arobaini na moja akiwa ameinama, na hakuna aliyemwekea kiti akae asikilize wenzake wakijisifu. Karatasi nimewashia jiko. Halikuwaka hata vizuri.

Nikukumbushe ulikotoka. Viatu vya nyumba hii havidondoki. Misumari minane kila mguu, minne huku na minne huku, na miwili ya mwisho iko kisigino kabisa, pale mafundi wengine wanapoogopa kugusa. Farasi wa watu wamezama kwenye tope mpaka tumboni wakatoka na viatu vyetu miguuni. Hilo ndilo jina letu, hatuna lingine.

Mama Mkwe bado anastahili jina lake. Ukimwambia tembea, anakutazama kwanza. Kati ya farasi wote waliopita zizi hili amebaki yeye peke yake, na unga anaoupeleka kutoka kwenye kinu mpaka kwa mwokaji mikate ndio unaonifanya niitwe mtu mwenye kazi. Ila siku hizi kaingiwa na uvivu. Akisimama anapeleka mguu mmoja mbele, kama mwanamke anayeonyesha kiatu kipya. Wewe ndiye uliyemvalisha viatu kabla hujaondoka, na uliahidi kuja wiki ya mwisho ya Machi kumbadilishia. Wiki hiyohiyo ndiyo ya mkutano wako. Usidhani sikuiona.

Usinipigie simu. Kwenye simu unasema ndiyo bibi, ndiyo bibi, halafu unakata na kufanya unavyotaka. Kwenye karatasi nitakushika.

Bibi yako

*

24 Februari

Shikamoo bibi,

Nimefurahi kusikia habari za mtoto. Mpe pole mjomba, na mwambie jino limeshatoka, alie kidogo kidogo. Mimi sijambo. Chumba changu kiko juu ya ghala la majani makavu, kwa hiyo nalala nikipiga chafya. Zizi lina farasi thelathini na wawili, na miguu yote hiyo iko mikononi mwangu.

Bibi, nitakueleza ukweli ili usinishike kwenye karatasi. Kuna farasi mweusi hapa, wa kupanda, mpole sana. Kila nikimvalisha viatu anachechemea. Nimembana kwato kwa koleo pande zote, hakuna usaha, hakuna msumari uliopinda. Nimefanya kila kitu kama babu alivyonifundisha. Mkuu wa zizi hasemi kitu, lakini kila asubuhi anakuja anasimama nyuma yangu na kikombe chake, anatazama ile miguu, anaondoka. Ningependa anitukane.

Ndiyo maana nataka kwenda. Huku hakuna wa kumuuliza. Fundi mmoja mzee anayekuja kunoa tupa zetu amesema jambo lililonishangaza. Anasema zamani aliwahi kukaa kiti cha pili kutoka kwa babu kwenye mkutano huo, na babu alikuwa na daftari la jalada la buluu, akichora tangu asubuhi mpaka jioni. Nimemwambia amemchanganya na mtu mwingine. Babu hakuwahi kwenda, au siyo, bibi?

Kuhusu Mama Mkwe: ni mguu upi anaoupeleka mbele? Weka kiganja juu ya kwato uone kama ina joto. Farasi mvivu husimama sawasawa akasinzia. Anayepeleka mguu mbele anakwepa uzito wake mwenyewe.

Nimechagua mkutano. Nisamehe. Nitakuja wiki ya tatu ya Aprili bila kukosa, na tupa zangu.

Mjukuu wako

*

15 Machi

Kwa mjukuu wangu,

Mvua imenyesha siku tano na ndoo nimeimwaga mara nisizozikumbuka. Mtoto anakua. Mjomba wako sasa anasema jino la pembeni nalo linalionea wivu lile lililotoka. Tumemwacha.

Umeuliza mambo mengi kama karani. Nitajibu moja. Mguu ni wa mbele, wa kushoto. Na wa kulia nao, inapeana zamu. Joto sikupima, mikono yangu siku hizi ina baridi yake yenyewe, kila kitu nikigusa naona cha moto. Anachechemea kwenye mawe, kwenye udongo laini anatembea. Basi tatizo ni mawe.

Jirani kanishauri nimwite fundi wa ng'ambo ya mto aje amtazame. Nimemwambia siku mtu mwingine atakapoinua mguu wa farasi kwenye ua wa mume wangu, wanizike kwanza. Akanywa chai yake akaenda.

Huyo mzee wenu wa tupa mwambie atafute miwani.

Nenda mkakae kwenye viti vyenu. Ukirudi hujui kuinama usinilaumu.

Bibi yako

*

2 Aprili

Shikamoo bibi,

Natumaini paa limepata mtu wa kuliziba. Nimemnunulia mtoto kofia ya sufu, nitakuja nayo.

Nimerudi jana. Nakuandikia kabla hata sijafungua begi, kwa hiyo kaa chini, bibi, na usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Siku ya kwanza ungeshinda wewe. Ukumbi wa viti vya plastiki, na bwana mmoja aliyevaa tai akazungumza bima kutwa nzima, nikasinzia mpaka jirani yangu akanipiga kiwiko. Lakini nje, uani, kulikuwa na harufu ya kwato inayoungua, ileile ya nyumbani, na watu waliokuwa pale, bibi, nilishikana nao mikono mmoja mmoja na sikupata kiganja laini hata kimoja. Wanabishana hao. Wazee wawili walibishana juu ya msumari mmoja mpaka chai yao ikaota ngozi. Sijawahi kuwa mahali ambapo sihitaji kueleza kazi yangu ni nini.

Siku ya pili alikuja mwanamke mmoja, fundi, mfupi, wa umri wa kuwa mama yangu. Alikuwa na kioo kinene kimewekwa kama daraja dogo, na chini yake kioo cha kujitazamia. Akampitisha farasi asiye na viatu juu yake. Sisi tulioinama tukaona kwato kwa chini, inapokanyaga. Bibi, kisigino kinafunguka. Farasi akiweka uzito kinatanuka kama kiganja kinachopokea maji, akiinua mguu kinajikusanya. Kila hatua. Babu alinifundisha kuwa kwato ni kama pembe, kitu kilichokufa. Siyo.

Halafu yule mama akampigilia farasi yuleyule viatu kwa misumari minane, miwili kisigino kabisa, kama sisi. Akampitisha tena. Kisigino hakikusogea. Kilikaa pale kama mdomo ulioshonwa. Akasema mguu ukifungwa hivyo miaka, unasinyaa kutoka ndani, na ukimwachia farasi viatu mpaka kwato izidi kukua juu yavyo, vinazidi kumbana.

Akauliza, kuna mtu humu bado anapigilia pale? Nikainua mkono. Nikasimama, nikasema, “Mimi napigilia pale. Babu yangu alinifundisha hivyo, na nimeshawaumiza farasi.” Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa tupa alikuwepo, akainamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Niliporudi kitu cha kwanza nilimtoa farasi mweusi ile misumari miwili. Leo asubuhi katembea. Hajapona, ila katembea, na mkuu wa zizi kaniambia habari za asubuhi.

Sasa nakuomba. Usingoje nifike. Chukua tupa ndogo, ukate zile ncha zilizokunjwa pembeni ya kwato, za misumari miwili ya nyuma tu, uivute kwa koleo. Miguu ya mbele kwanza. Unaweza, nimekuona ukifanya magumu zaidi. Na Mama Mkwe asivute mkokoteni mpaka nije nimvue viatu vyote. Nakupigia magoti, bibi.

Mjukuu wako

*

12 Aprili

Kwako,

Wazima.

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoniamuru. Watu wangapi walikuwa ukumbini? Hukuandika idadi, lakini walikuwa wa kutosha. Ukasimama mbele yao ukamvua nguo mume wetu, aliyekufa, asiyeweza hata kuinua mkono kujifunika. Yeye ndiye aliyekubeba mabegani ulipokuwa huna mama. Yeye ndiye aliyekukatia aproni yake ya ngozi ikutoshe. Na wewe umempeleka kwa wageni wakamtazame chini ya kioo.

Mama Mkwe yuko sawa. Viatu vyake viko imara, havijalegea hata kimoja. Msumari wa nyumba hii hautolewi kwa barua.

Usije wiki ya tatu. Karakana nimeifunga kwa kufuli. Kofia ya mtoto itume kwa posta.

Mimi

*

4 Mei

Shikamoo bibi,

Kofia nimeituma. Natumaini imemtosha.

Sikuja kwa sababu ulinikataza. Nilifika hadi stendi, nina begi la vifaa begani, tiketi mkononi. Gari likapakia, likajaa, dereva akaniuliza kama napanda. Nikafikiria ile kufuli. Nikarudi. Sijui kama nilikuwa naonyesha adabu au niliogopa tu uso wako. Nafikiri niliogopa.

Sikutaka kumvua babu nguo. Nilitaka mtu mmoja anisaidie na huyo farasi, na sikujua kuuliza bila kusema nilikojifunzia. Kama nimekosea, nimekosea kwa kuwa nilimtaja yeye wakati misumari niliipiga mimi.

Bibi, nijibu jambo moja tu. Mama Mkwe anasimamaje?

Mjukuu wako

*

2 Juni

Shikamoo bibi,

Sijapata jibu. Nimemuuliza mjomba kwa simu, akazungumzia meno.

Wale watu wa mkutano wameniandikia. Wanataka mwakani nipande jukwaani nieleze nilivyofundishwa na nilivyoacha. Farasi mweusi sasa anakimbia. Nimewaambia sitajibu mpaka niulize nyumbani. Ukisema hapana, nitawaandikia hapana, na sitauliza sababu.

Mjukuu wako

*

16 Julai

Kwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Mtoto anakaa mwenyewe sasa, na kofia imeshambana, kichwa kikubwa kakirithi kwa mjomba wako. Mjomba katoa meno yote, kaweka ya kununua, anacheka hata pasipo na kichekesho. Paa limezibwa. Ndoo nimeiacha palepale, nimeizoea.

Mjomba wako nilimkataza kukwambia. Sasa nakwambia mimi.

Mama Mkwe hayupo tangu tarehe 29 Aprili. Barua yako ya stendi ilipofika alikuwa kashaondoka siku nyingi. Ilikuwa asubuhi, tunateremka na unga, pale mteremko unapokata kona kwenda kwa mwokaji. Mimi nilikuwa mbele nimeshika hatamu. Nilikuwa nikimsema, sitakuficha, nilikuwa nikimwambia tembea wewe, watu wanangoja mkate. Akanitazama kwanza kama kawaida yake. Akaweka mguu wa kushoto, akauondoa, akaweka wa kulia, akauondoa, mkokoteni ukamsukuma kwa nyuma, akaenda chini na magoti. Daktari wa mifugo alikuja haraka. Akasema mguu umevunjika juu ya kwato, na hata usingevunjika, farasi anayeikwepa miguu yote miwili hana pa kukanyagia. Kisha akatoa sindano ya kumpumzisha, akaniambia nigeuke nisitazame. Sikugeuka.

Viatu vyote vinne vilikuwa mahali pake. Watu walisimama pale na unga umemwagika barabara nzima, na mwokaji akasema, huku akiwa na nia njema, “Lakini viatu vyenu, bibi, hata leo havikutoka.”

Nikarudi nyumbani nikafungua kufuli, nikachukua tupa ndogo na koleo. Kabla hawajamwondoa nikakaa chini barabarani, nikauweka mguu wake mapajani, nikakata zile ncha na kuvuta misumari miwili ya kisigino, kila mguu, kama ulivyoniandikia. Yeye hakuwa na haja tena. Nilitaka kujua kama mkono wangu ungeweza. Uliweza. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Nikajaribu kupitisha kidole katikati ya kisigino pale nyuma, hakikupita. Pamesinyaa kama mkunjo wa mfuko wa zamani. Farasi niliyemlisha kwa mkono huu miaka kumi na minne.

Sasa lile la mzee wa tupa. Macho yake ni mazima.

Babu yako alipoanza alikuwa anapiga misumari sita, kama alivyofundishwa. Siku moja, tuna wageni mezani, akaingia mwokaji, baba wa huyu wa sasa, ameshika kiatu cha farasi wake kilichodondoka njiani. Hakusema salamu. Akakiweka juu ya meza, katikati ya sahani, na tope lake, akatoka. Wageni walitazama chakula. Mimi sijawahi kuaibika vile. Walipoondoka nikamwambia mume wangu kuanzia kesho ni minane, na miwili ipigwe kisigino kabisa, nione nani atakileta tena mezani kwangu. Akasema kisigino kinahitaji nafasi. Nikamwambia akalale na hicho kisigino. Akapiga minane.

Miaka ikapita, ndipo akaenda mkutano. Mara moja tu. Wewe ulikuwa unatambaa. Akarudi kama kijana, anaongea mezani na chakula kinapoa, anachora kwa kidole kwenye unga. Aliniambia kisigino kinapumua. Kesho yake akatoa ile miwili kwa farasi wa mwokaji. Wiki haikuisha, kiatu kikadondoka sokoni mbele za watu. Nikasimama pale penye mivukuto nikamwambia, “Ukipiga misumari sita tena, moto wako utauvuta mwenyewe.” Unajua mgongo wake ulivyokuwa. Bila mimi kuvuta mivukuto hakuna moto, na bila moto hakuna kazi. Akachukua misumari minane.

Hakulisema tena mpaka anakufa. Wewe alikufundisha minane kwa sababu nilikuwa nimesimama pale nasikiliza. Na ile hadithi ya kuwa kwato ni kitu kilichokufa aliisema huku akinitazama mimi. Nilijua anavyonitazama. Mialiko ilikuja kila mwaka, na kila mwaka niliwashia jiko kabla hajaiona. Uliponiandikia kuwa umesimama mbele ya watu ukamtaja yeye, nilikasirika kwa ajili yake, hiyo ni kweli. Lakini kilichonifanya nifunge kufuli ni kingine. Niliogopa ukija utafungua sanduku la babu yako kutafuta lile daftari.

Sanduku nimelifungua mwenyewe. Daftari la buluu lilikuwa limeviringishwa ndani ya aproni. Mimi kusoma ni kwa shida, lakini picha naziona. Kachora kisigino kikiwa kimefunguka na kikiwa kimefumba, kachora misumari minane, na miwili ya nyuma kaipiga alama ya mkasi kwa wino. Hiyo hiyo uliyoiona wewe kwenye kioo, miaka yote hiyo iko humu ndani, chini ya kitanda ninacholalia. Mwisho wa ukurasa kaandika neno nililolisoma siku nzima. Kaandika, kumwambia mke wangu taratibu.

Nimekutumia daftari pamoja na barua hii. Limefungwa kwa kamba ya hatamu yake Mama Mkwe, sikuwa na kamba nyingine. Na ndani utakuta mwaliko wa mwakani. Ulikuja hapa wiki iliyopita, kwa jina la babu yako, kama kila mwaka. Nilikaa nao mbele ya jiko. Safari hii sikuuwasha.

Waandikie unakwenda. Panda jukwaani na daftari lake mkononi, uwaonyeshe kuwa mume wetu alikuwa pale na alisikia kila kitu. Na ukifika kwenye ile misumari miwili usiseme babu yangu. Sema bibi yangu. Useme kwa sauti, wasikie mpaka viti vya nyuma, na yule mzee wa tupa ainue kichwa.

Karakana haina kufuli. Farasi hakuna tena, kwa hiyo usije kwa ajili ya kazi.

Bibi yako